Watoto wa Januari 2028 waandaliwe kuanzia sasa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu mabadiliko ya elimu yanayoendelea nchini mwetu. Katika mikutano ya wazazi, redioni na hata misibani, ambako siku hizi hakuna mazungumzo yasiyofika, nasikia watu wakijadili vyumba vya madarasa, vitabu, ajira za walimu na fedha za kuyagharimia hayo yote, na ni haki yetu kuyajadili. Sijasikia mtu akiuliza watoto wenyewe wameambiwa nini. Tukienda hivi, Januari 2028 itatukuta tumeshawaandalia madawati ya kukalia, ilhali wao wenyewe hatujawaandaa.

Kwa wasomaji ambao hawakulifuatilia suala hili kwa karibu, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, ambayo ilizinduliwa rasmi jijini Dodoma Februari 1, 2025, inafupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na inataka kila mtoto asome kwa lazima miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na miongoni mwa walioanza nayo ni watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo. Leo wako darasa la tano. Mwakani watamaliza darasa la sita, na huo ndio utakuwa mwisho wao katika shule ya msingi, wakati wenzao waliowatangulia kwa mwaka mmoja, ambao wameendelea na utaratibu wa zamani, watakuwa wanamaliza darasa la saba. Madarasa hayo mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo mmoja. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wa darasa la saba peke yao wamekuwa wakizidi milioni moja kila mwaka, na mtu yeyote anayejua kujumlisha anaweza kuona ukubwa wa kundi litakalobisha hodi sekondari mwezi huo.

Siandiki kupinga mabadiliko haya. Nilifundisha shule za msingi hadi nilipostaafu, na najua kwamba elimu yetu haijawahi kukaa mahali pamoja. Wazee waliotutangulia walisoma hadi darasa la nane, nalo likaondolewa katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 ikaamuliwa Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na sisi tuliokuwa na chaki mkononi tukapokea darasa la kwanza ambamo watoto wa miaka saba waliketi pamoja na wenzao ambao kwa umri wangestahili kuwa la tano. Mwaka 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne nayo ikafutwa, na nchi nzima ikawa inazungumzia madawati. Kila mara tulihesabu vitu vinavyohesabika. Kazi ya kumsaidia mtoto aielewe hali mpya na kuizoea iliachwa kwa bahati: aliyepata mwalimu mwenye subira, au mama mwenye nafasi ya kumsikiliza jioni, alivuka salama, asiyepata alijitafutia mwenyewe, na wengine walipotelea njiani tukawaandika watoro.

Hata kama tusingepunguza mwaka wowote, kuingia kidato cha kwanza ni badiliko kubwa kuliko yote ambayo mtoto wa Kitanzania hukutana nayo kabla hajatimiza miaka kumi na mitano, ila sisi watu wazima tumeshalizoea kiasi cha kutoliona. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali amefundishwa karibu kila kitu kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe. Anafunga shule akiijua Sayansi. Anapofungua anakuta Sayansi ile imegawanyika kuwa Fizikia, Kemia na Biolojia, na zote tatu zinafundishwa kwa Kiingereza. Yapo majuma machache ya mwanzo yanayotumika kuwazoesha wanafunzi lugha hiyo, lakini majuma hayawezi kufanya kazi ya miaka. Nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza au wa pili katika Hisabati tangu darasa la nne. Likizo ya Juni ya kidato cha kwanza alikuja kunisalimu, nikamuuliza habari za masomo, akaniambia kwamba majibu alikuwa akiyajua, maswali ndiyo yaliyomshinda. Nusu mwaka nzima alikuwa hajanyoosha mkono darasani. Hakuwa mvivu, wala hakuwa ameharibikiwa kitabia kama baba yake alivyodhani. Alikuwa amehamishiwa ugenini na hakuna aliyemwambia kwamba ugeni ule ulikuwa na mwisho.

Lugha ni sehemu moja tu ya badiliko hilo. Shule ya msingi iko kijijini kwao au mtaani kwao, walimu wanamfahamu mama yake kwa jina, na akiugua darasani kuna mtoto wa jirani wa kumsindikiza nyumbani. Sekondari ya kata inahudumia vijiji kadhaa. Kwa wengi ni mwendo wa saa nzima au zaidi kwa miguu, na ndiyo maana wapo wanaopangishiwa vyumba karibu na shule, yale tunayoyaita mageto, wakajipikia na kulala peke yao bila mtu mzima wa kuwauliza wamerudi saa ngapi. Mjini hakuna geto, lakini kuna daladala na kondakta ambaye kila mwanafunzi kwake ni kiti kilichopotea. Huko shuleni kila somo lina mwalimu wake, anayeingia na kutoka bila kumjua mtoto yeyote kwa jina mpaka muhula unakaribia kwisha. Na yule aliyekuwa kiranja, aliyekuwa akipiga kengele na kuwapanga wadogo mstarini, anaamka siku moja ni njuka anayetumwa maji. Haya yote yamekuwa yakimkuta mtoto wa miaka kumi na minne. Mwaka 2028 yatamkuta pia mtoto wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu.

Lipo jambo jingine ambalo sijaona likiandikwa popote, nalo linaigusa nyumba yangu. Ninaishi na wajukuu wawili. Dada yuko darasa la sita, mdogo wake wa kiume yuko la tano. Kwa hesabu niliyoieleza hapo juu, wataingia kidato cha kwanza siku moja, na kwa kuwa tunakaa kata moja, yumkini katika shule moja. Mdogo mtu alipolijua hilo alifurahi kupita kiasi. Dada mtu alinyamaza, kisha jioni akanifuata jikoni akaniuliza, bibi, sasa mwaka wangu mmoja umeenda wapi? Swali hilo ni zito kuliko mengi niliyoyasikia kwenye semina. Mtoto ambaye tangu akiwa na miaka mitano amekuwa akitangulia, akarithisha sare na madaftari, akamfundisha mdogo wake kusoma herufi, anaambiwa kwamba yule aliyekuwa nyuma yake sasa watakaa naye dawati moja. Nilimjibu kwamba utaratibu unapobadilishwa lazima wawepo watoto wanaosimama mpakani, na kwamba yeye na mdogo wake ndio walioangukia hapo. Si kwamba mdogo wake amemzidi akili, na si kwamba yeye amerudishwa nyuma. Nilimwambia pia kwamba ana haki ya kuudhika. Hakuridhika siku ile, na wala sikutegemea aridhike kwa jibu la jioni moja. Tumelirudia mara kadhaa tangu hapo, na kila tunapolirudia swali lake linakuwa dogo zaidi.

Nyumba kama yangu ni maelfu. Kuna ndugu wa tumbo moja, kuna binamu wanaolelewa pamoja, kuna watoto wa majirani ambao mmoja amekuwa akimwita mwenzake kaka. Mzazi atakayesema, hata kwa mzaha, kwamba mwenzako kwa miaka sita tu ameshakufikia, atakuwa ametia uadui ndani ya nyumba kwa maneno yasiyozidi mstari mmoja. Shuleni hatari ni hiyohiyo. Naziona tayari zile lakabu zitakazozuka, wa la sita na wa la saba, na naona mwalimu aliyechoka, mwenye wanafunzi wengi kuliko uwezo wake, akizitumia bila nia mbaya ili darasa liende. Kwa maoni yangu wakuu wa shule wasiwagawe watoto hawa katika mikondo kwa kufuata darasa walilotoka. Najua kuna watakaosema kuwatenganisha kutarahisisha ufundishaji, kwa sababu wametoka katika mitaala tofauti, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kinachopatikana kwa kurahisisha kazi ya muhula mmoja kitalipiwa kwa miaka minne ya madarasa mawili yanayodharauliana.

Sasa niseme kuhusu sisi watu wazima na ndimi zetu. Mara nyingi nimesikia wazazi wakiliita kundi hili watoto wa majaribio, na wanalisema neno hilo watoto wakiwa wamekaa palepale mkekani wakila. Mtoto haelewi sera, ila sauti ya baba yake anaielewa vizuri sana. Akisikia kila siku kwamba wameharibiwa, kwamba wanakurupushwa, kwamba miaka sita haiwezi kumfundisha mtu kitu, atafika kidato cha kwanza akiwa ameshashindwa kabla ya kipindi cha kwanza, na kila somo litakalomtatiza atalihesabu kuwa ni ushahidi. Mzazi mwenye shaka na sera ana mahali pa kuipeleka: kamati ya shule ipo, diwani yupo, na kurasa za gazeti hili ziko wazi. Mbele ya mtoto aseme yaliyo kweli na yenye msaada. Hilo halimaanishi kumpamba mtoto kwa maneno matamu, kwa maana upande wa pili nao una makosa yake. Wapo wanaomwambia mtoto kwamba sekondari ni raha tupu, hakuna viboko, utavaa suruali ndefu, utajifunza kompyuta. Akifika akakuta hali nyingine, hatawaamini tena hata watakapomweleza jambo la kweli.

Cha kumwambia ni kile kinachojulikana, kwa lugha ya umri wake, na mapema. Mtoto wa darasa la tano anaweza kabisa kuelewa kwamba mwakani atamaliza, kwamba baada ya hapo ataendelea na sekondari, kwamba huko kuna wenzake wengi watakaokuwa wageni kama yeye, na kwamba shule atakayopangiwa itajulikana baadaye na atakapoijua mzazi ataijua pia. Hiyo sehemu ya mwisho wazazi wengi huiruka kwa kuogopa kumtia mtoto wasiwasi. Uzoefu wangu ni kwamba wasiwasi hukua penye ukimya. Mtoto asiyeambiwa hujitungia mwenyewe majibu, na majibu anayojitungia huwa mabaya kuliko hali halisi: nilishakutana na watoto wa darasa la saba walioamini kwamba asiyejua Kiingereza hufukuzwa kidato cha kwanza wiki ya pili. Na kwa mazoea yetu ya miaka yote, mtihani hufanyika Septemba, orodha za waliopangiwa shule hutoka karibu na mwisho wa mwaka, kisha Januari shule zinafunguliwa. Muda huo unatosha kumshonea mtoto sare. Kumzoesha wazo hautoshi.

Jamii zetu hazikuwa na ujinga huu. Sina nia ya kurudisha kila kilichokuwa ndani ya jando na unyago, na yapo mambo humo ambayo yameachwa kwa sababu njema. Lakini huku Morogoro kwa Waluguru, huko Pwani kwa Wazaramo na kusini kwa Wamakonde, mtoto aliyekuwa anatoka hatua moja kwenda nyingine hakuachwa ajigundulie mwenyewe. Alitengewa muda, akafundishwa kwa nyimbo na vitendo yale yatakayobadilika, akapewa mtu mzima mmoja aliyekuwa na wajibu wa kumshika mkono na ambaye angeweza kumuuliza hata lile la aibu, kisha akapokelewa kwa shangwe upande wa pili akijulikana kuwa sasa ni mtu mwingine. Ukitazama kwa makini, hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachohitaji bajeti ya wizara. Shule ya sekondari inaweza kumkabidhi kila mgeni kwa mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu kutoka kijiji chake, amwonyeshe vyoo, bomba, jiko la makande na mwalimu wa kumwendea, na amsindikize njiani majuma ya mwanzo. Shule zenye utaratibu wa namna hiyo zipo, na wanaozifahamu wanajua tofauti yake. Sharti lake ni kwamba wenyeji hao wachaguliwe na mwalimu, kwa tabia zao, si kwa ukubwa wa mwili, la sivyo tutakuwa tumewapa waonevu kibali.

Kwa watoto wa kike jambo hili lina sura ya ziada. Umri wa miaka kumi na miwili na kumi na mitatu ndio umri ambao wengi wao huanza kupata hedhi, kwa hiyo badiliko la mwili litakutana na badiliko la shule katika mwaka mmoja, na huenda katika wiki moja. Binti ambaye hajaelezwa na mama, shangazi au mwalimu atalikabili hilo akiwa katika shule isiyomjua, mbele ya wavulana wakubwa wa kidato cha nne. Mazungumzo hayo yafanyike darasa la tano, sasa, na taulo ziwe ndani ya begi kabla hazijahitajika. Sina zaidi ya kusema hapo, kwa sababu kila mama anayesoma barua hii anajua ninachokizungumzia.

Majirani zetu wa Kenya walipitia jambo linalofanana na hili, na si aibu kutazama kwao. Mwishoni mwa mwaka 2022 watoto wa kwanza wa mtaala wao mpya walimaliza gredi ya sita wakati uleule ambapo wenzao wa mfumo wa 8-4-4 walikuwa wanamaliza darasa la nane. Tofauti na sisi, makundi hayo hayakuingia darasa moja. Lakini kwa muda mrefu watoto wa gredi ya sita na wazazi wao walijua kwamba sekondari ya chini itakuwa ndani ya shule za sekondari, hadi Desemba 2022, majuma machache kabla ya kufungua, ilipotangazwa kwamba watabaki katika shule zao za msingi. Uamuzi wenyewe ulikuwa na sababu zake, na moja ilikuwa huohuo umri mdogo wa watoto unaotutia shaka sisi. Ninachokisema ni kuhusu muda. Mtoto aliyekuwa ameshaaga, akajiona mkubwa na kuota shule mpya, aliambiwa arudi katika kiwanja kilekile. Serikali yetu bado ina nafasi ya kutoyarudia hayo: kila uamuzi unaohusu mahali watakaposoma na namna watakavyopangwa utangazwe mapema iwezekanavyo, na usibadilishwe dakika za mwisho.

Nikirudi nyumbani, ambako ndiko kazi kubwa ilipo, mtoto huizoea hali mpya kwa kuifanyia mazoezi akiwa bado katika hali ya zamani. Mtoto atakayetembea saa nzima Januari 2028 apelekwe njia hiyo kwa miguu kabla, pamoja na mtu mzima, aijue mito yake na mahali pa kujikinga mvua. Wa mjini afundishwe kupanda daladala, kujua kituo chake, na kuomba ashushwe kwa sauti inayosikika. Aliye na uwezekano wa kukaa bweni au geto afue nguo zake mwenyewe kuanzia sasa, apike wali usioungua, atunze fedha ya wiki bila kuimaliza Jumatatu. Hizi si adhabu wala kumnyang'anya utoto; mtoto anayejua kwamba anaweza kujihudumia huogopa vitu vichache zaidi. Kuhusu Kiingereza, naomba wazazi wasikimbilie tuisheni peke yake. Tuisheni nyingi humkaririsha mtoto orodha za maneno. Anachokihitaji ni kuzoea kusema sentensi isiyo kamili mbele ya watu bila kuchekwa, na hilo linaweza kufanyika nyumbani kwa mzazi ambaye hata yeye Kiingereza chake ni cha kuokoteza, maadamu wote wawili wanacheka pamoja. Ni vizuri pia mtoto ajue kwamba somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili hadi sekondari. Katika siku ndefu ya lugha ngeni, kipindi hicho kitampa pumzi na nafasi ya kuonyesha kwamba kichwa chake bado kinafanya kazi.

Lingine la nyumbani ni kutobadilisha yote kwa pamoja. Nimeona wazazi wakichukua mwaka wa kidato cha kwanza kuwa wakati wa kumhamishia mtoto kwa mjomba mjini, kuhama nyumba, kumwachisha timu ya mpira ili asome, na kumkataza marafiki wa zamani kwa kuwa sasa amekuwa mkubwa. Badiliko lisiloepukika lifike. Yale yanayoweza kusubiri yasubiri. Saa ya chakula cha jioni ibaki ileile, madrasa au kwaya iendelee, rafiki wa tangu chekechea aruhusiwe kuja Jumamosi hata kama amepangiwa shule nyingine. Na pale shule inapoweza, watoto watatu au wanne waliotoka shule moja ya msingi wawekwe mkondo mmoja, ili kila mmoja awe na angalau uso mmoja anaoufahamu anapoingia darasani.

Pamoja na maandalizi yote hayo, wapo watakaotatizika. Dalili zake walimu wa zamani tunazijua: tumbo linalouma kila Jumatatu na kupona saa nne, daftari linalosahaulika, mtoto msemaji anayekuwa bubu, hasira juu ya mdogo wake asiyemfanyia lolote. Fimbo haijawahi kutibu hata moja ya hizo. Kila shule ina mwalimu aliyepewa jukumu la ushauri na unasihi, ingawa katika shule nyingi jukumu hilo hubandikwa kwa yeyote mwenye vipindi vichache. Kwa mwaka 2028 ningependa lipewe watu wanaoliweza, na wapunguziwe vipindi ili walifanye. Watoto wenye ulemavu wafikiriwe kwanza, kwa sababu mtoto asiyeona anayehama shule hupoteza kwa siku moja ramani yote ya kiwanja aliyoijenga kichwani kwa miaka.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Katika muhula wa pili wa mwaka 2027 itengwe siku moja, katika kila kata, ambapo wanafunzi wa darasa la sita na la saba watatembea pamoja hadi sekondari ya kata yao, waketi darasani kwa vipindi viwili, wale chakula cha mchana na wenyeji, na warudi makwao na maswali. Wazazi waalikwe. Tarehe ipangwe na walimu wakuu wa shule za msingi wakishirikiana na mkuu wa sekondari, kwa kuwa wao ndio wanaojua mvua zitakuwa wapi na barabara zitapitika lini. Na wewe Mhariri, ikiwezekana, watengee watoto hao safu katika gazeti la Jumapili waulize wenyewe wanayotaka kuyajua, na wahusika wayajibu kwa majina na vyeo vyao. Mjukuu wangu ameshaandika swali lake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro.